Kabla Hujapanda Ndege, Pitia Ilford

Hounslow,
Jumamosi, saa moja jioni

Lusio baba,

Sasa hivi uko parokiani unaagwa. Padre amekwisha kusema maneno yake, keki imekatwa, na nina hakika kuna mtu anauliza, "Mamako yuko wapi?" nawe unamjibu kwa ile sauti yako ya redioni kwamba mama anaumwa kichwa. Siumwi kichwa. Tangu nizaliwe kichwa hakijaniuma, hata siku ile kabati la trei liliponiangukia kazini. Nimebaki nyumbani kwa sababu nimekukasirikia, na kwa sababu kila nikikaa mbele yako kusema neno, unanijibu. Karatasi angalau itanyamaza mpaka nimalize.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kiingereza changu ni cha jikoni la uwanja wa ndege, cha kuku na samaki na fanya haraka. Kikonkani cha mama yangu, lugha yetu Magoa, najua kusalia na kutukania, kuandika sikufundishwa. Kiswahili ndicho walichonifundisha masista pale Tanga mpaka darasa la nne, na mwandiko wangu ulikuwa wa kwanza darasani, muulize yeyote aliyebaki hai.

Sitakwambia habari za sweta, wala dawa ya malaria, wala maji ya kuchemsha. Una miaka ishirini na saba, na unakwenda kuitetea imani jimboni, ukae na mapadre ambao wana mpishi. Masanduku nimeyafunga mwenyewe. Achari nimeitia katikati ya nguo zako za ndani, mahali ambapo afisa wa forodha ataona haya kupekua. Hayo yamekwisha. Nataka kusema habari za Rozi.

Najua, umekwisha kunja uso. Kunja, lakini soma.

Mdomo huo unaokupeleka Tanzania umetoka kwangu, wala sioni kwa nini nisiseme. Baba yako, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi cherehani wa maneno matano kwa siku, na matatu kati ya hayo yalikuwa "uzi uko wapi". Ubishi ni wangu. Hata huko jimboni kwenu, siku watakapokusifu mbele ya askofu kwamba hakuna swali linalokushinda, ujue wanamsifu Esperansa wa Tanga, anayepanga trei mia nne kabla ya chai ya saa nne na hakuna msichana wa miaka ishirini anayemfikia.

Unakumbuka Croydon? Tulipokuja nchi hii tulikuja watatu, mimi, baba yako na wewe. Rozi tulimwacha Tanga kwa shangazi, kwa kuwa karani aliyeandika cheti chake cha kuzaliwa alikosea jina la ukoo wetu. Herufi mbili tu, na kwa herufi mbili hizo serikali ya Kiingereza ikasema yule si mtoto wetu. Mwaka mmoja na nusu! Msichana wa miaka kumi na mitano, kila barua yake inaanza, "Mama, nije lini?" Kila nikipata siku ya kupumzika tulikwenda mimi na wewe kwenye lile jengo refu la uhamiaji, tukapanga foleni nje na Wahindi wenzetu wa Nairobi na wa Kampala, vidole vya miguu vimekufa kwa baridi. Baba yako alikuwa kitandani na kifua chake. Mimi nasema, wewe unatafsiri. Ulikuwa na miaka kumi na minane, na koti la baba yako lilikuning'inia mabegani kama pazia.

Yule afisa wa masharubu mekundu akasema, "Mama, kwa karatasi hii msichana huyu si wako."

Nikakwambia, "Muulize, karatasi hii ilikuwapo nilipokuwa namzaa?"

Ukatafsiri, lakini nilijua umeongeza, maana mimi nilisema sentensi moja na wewe ulisema kwa dakika mbili nzima. Afisa akaweka kalamu chini. Akatutazama. Akaita mwenzake. Tulipotoka nikakuuliza, "Umemwambia nini?"

Ukasema, "Nimemwambia, bwana, huyu mwanamke amesimama kwenye foleni yako mara tisa. Nani husimama mara tisa kwenye baridi hii kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine?"

Rozi akaja. Mpaka leo watu wa mtaani kwetu huniletea barua zao za Croydon niwaambie waseme nini, nami huwaambia, na huwa wanashinda.

Lakini pale ndipo nilipoharibikia. Nilijifunza kwamba ukisema sana, na ukikataa kuondoka, mtu hatimaye huweka kalamu chini. Nikafurahi mno na somo hilo hata sikutaka jingine. Nikalibeba mpaka nyumbani, nikalitumia kwa baba yako, kwa majirani, kwa dada yako. Baba yako akiwa mgonjwa aliwahi kuniambia, "Espe, mimi si afisa." Nilidhani anatania. Nilimjibu.

Nawe nikakufundisha hivyohivyo, tena kwa kukupigia makofi.

Naona unatabasamu sasa, unafikiri nitaingia kwenye hadithi ya apolojisti. Ndiyo, nitaingia. Siku ile padre wetu Mwairishi alinishika mkono baada ya misa akaniambia, "Mama, mwanao ni apolojisti wa kuzaliwa." Nikarudi kazini nimevimba. Nikawaambia wanawake wote wa jikoni kwamba mwanangu amepewa kazi na Kanisa, kazi ya kuomba radhi. Kwa Kiingereza nilisikia hivyo, maneno yenyewe yanafanana kama mapacha! Kusumben wa Kampala, yule anayepanga vijiko karibu nami, akaniuliza, "Sasa Lusio iko omba radhi kwa nani?" Nikasema, kwa kila mtu, kwa niaba ya Kanisa, ni kazi kubwa, si ya kila mtu. Akasema, "Vizuri, dada. Mwambie apitie na kwa bosi yetu, amfundishe."

Jioni ukanikemea. "Mama, umewaambia nini watu? Apolojisti haombi radhi! Ni mtetezi. Anatetea imani kwa hoja." Nikaona aibu, kesho yake nikasahihisha mbele ya trei zote. Kusumben alicheka mpaka kofia ya nywele ikamtoka. "Ah, dada," akasema, "ile kazi ya kwanza iko nzuri zaidi. Mtetezi tunao wengi sana hapa Hounslow."

Sikumsemesha siku mbili.

Halafu zikaja Jumapili zako za pale bustanini mjini, ambapo kila mwenye ngazi hupanda akahubiri lake. Nilikuwa nasimama nyuma na mwavuli, na mtu akikuzomea namtazama mpaka anahama. Unamkumbuka yule mzee wa kofia ya sufu? Kila Jumapili yupo, mvua isimwambie kitu, na kila Jumapili ana swali la kipumbavu. Siku moja akapaza sauti, "We kijana, tangu lini Wahindi wakawa Wakatoliki?" Ukamjibu papo hapo, "Tangu zama zile babu zako walipoacha." Jamani! Watu walicheka mpaka polisi akageuka. Sentensi ile niliihadithia wiki nzima, niliihadithia kwa dereva wa basi ambaye hakuniuliza kitu.

Jumapili iliyofuata mzee hakuja. Wala ile nyingine. Ulisema ameishiwa hoja, nami nikaitikia. Siku hizi namfikiria yule mzee kuliko ninavyotaka. Mtu aje kila juma kwenye mvua, amuulize kijana asiyemjua maswali yasiyo na maana, kwa nini? Nadhani hakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza. Tulimfanya kichekesho mbele ya kadamnasi, akaenda zake, wala hatukujua hata jina lake.

Kutoka ngazini ukaingia redioni. Dakika kumi kila Alhamisi, kwa Kiswahili, mawimbi mafupi, mpaka Bukoba na Kigoma. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza parokiani kununua mashine ya kunasia sauti, na kila Alhamisi niliiweka mbele ya redio, nikamfukuza kila mtu sebuleni asikohoe. Shangazi yako wa Tanga aliandika kwamba watu wasiomjua humsimamisha sokoni kumwuliza kama ni kweli yule wa redioni ni mtoto wa kaka yake. Barua hiyo nilitembea nayo mkobani mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Sioni haya. Nani hapa ana mtoto aliyefika Kigoma bila kuondoka London?

Basi twende kwa Rozi sasa, nimezunguka vya kutosha.

Rozi aliposema, "Mama, nataka kuolewa," nilikimbilia Southall kununua nazi kabla sijauliza jina la bwana harusi. Nne, nzito, nilizitikisa moja moja sikioni mpaka mwenye duka akaniuliza kama zinaniambia kitu. Unajua desturi yetu Magoa: mkesha wa harusi mama humpaka binti yake tui, kichwani, mabegani, mpaka miguuni, kuuaga ujana wake. Tunaiita Ros. Mama yangu alinifanyia mimi uani Tanga, na mpaka leo nikipika wali wa nazi husikia mikono yake mgongoni. Bintiye mtu hupakwa na mama yake. Hakuna mwingine anayeweza kuifanya kazi hiyo.

Halafu akalitaja jina. Salim, karani mwenzake, mtoto wa watu wa Unguja waliokimbilia hapa, Waislamu. Akasema, "Mama, mimi sibadili dini, wala yeye habadili, wala hakuna aliyeniomba. Tumekwisha kubaliana." Nazi nikazipandisha juu ya kabati. Nikaanza kusema. Nikasema miezi mitatu, Lusio, kama niko Croydon. Wewe ukanisaidia, kila jioni ulikuwa na kitabu kipya. Rozi hakujibu hata mara moja. Tukadhani tunashinda.

Siku ya mkesha, jioni, nilizishusha nazi zile. Nikazipasua, nikazikuna, nikakamua tui, nikalipikia samaki. Nilifanya makusudi. Nilijiambia, hazitakwenda bure. Tumekaa mezani mimi na wewe, hodi ikapigwa. Alikuwa Rozi, aliyekwisha kuhama kwetu juma lile, na mfuko wa karatasi mkononi, na ndani ya mfuko taulo. Lile la rangi ya waridi alilokuja nalo kutoka Tanga.

Akasema, "Mama, nimekuja unipake. Halafu nitaondoka, sitakusumbua."

Nikasema, "Nazi hakuna."

Nyumba nzima inanuka tui! Akatazama jikoni, akaiona sufuria, akaviona vifuu kwenye ndoo ya taka. Nilingoja alie, nilikuwa na jibu tayari la kilio. Hakulia. Akasema, "Haya, mama. Kuleni kabla hakijapoa." Akaukunja mdomo wa mfuko wake, akateremka ngazi.

Wewe ulikula sahani mbili. Nami nikakusifu, nikasema, "Huyu ndiye mwanangu." Alikuwa mwanangu na yule aliyekuwa anashuka ngazi, lakini sikusema.

Harusini hatukwenda. Na kama hilo halikutosha, nikalitangaza. Nikawaambia akina mama wa parokia kwamba mimi sikuweka mguu. Wengine walinisifu. Wengine walinyamaza, na hao niliwaona imani yao ni haba. Ikaja barua yako ya msikilizaji kutoka Mwanza, yule kijana aliyeuliza kama aende kwenye harusi ya dada yake anayeolewa nje ya dini. Ukaisoma hapa mezani, ukaniuliza, "Mama, nimjibu nini?" Mashine ya sauti ilikuwa inanasa, unajaribu utepe. Nikasema kwa kiburi chote nilichopewa, "Mwambie mama yako mwenyewe hakuweka mguu, na hataweka!"

Ukamwambia. Ukawaambia na Bukoba na Kigoma. "Mama yangu, mwanamke wa imani, hakuweka mguu wake kwenye harusi ile." Nilisikia jina langu la umama linapita angani, nikapiga makofi peke yangu sebuleni.

Sasa nitakwambia jambo usilolijua. Mwezi uliopita, Jumanne, wewe uko kazini, mlango ukagongwa. Nikaufungua na mnyororo wake. Nje amesimama mwanamke wa makamo yangu, amevaa buibui na koti la baridi juu ya buibui, mkononi bakuli lililofungwa kitambaa.

"Hodi. Mie Mwanakhamis, mama yake Salim."

Nikasema, "Lusio hayupo," kana kwamba ndiye aliyefuatwa.

"Sikumfuata Lusio. Lusio namsikia kila Alhamisi, sauti anayo, mashaallah. Nyumba yetu likisemwa neno la Kiswahili redioni hatupitwi, hata iwe bei ya karafuu. Nimekufuata weye."

Mimi! Akaendelea, na wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniudhi. "Mwanao kajifungua. Mtoto wa kike, miezi saba sasa, meno mawili. Rozi kanikataza nisije. Nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe."

"Mmempa jina gani?"

"Njoo umwulize mwenyewe."

Akacheka kidogo, mimi sikucheka. Halafu akasema, "Siku ile ya redio, mwenzangu, nilikuwa nimekaa naye, tumbo lake liko hapa. Kakaake alipoanza kumtaja nikanyoosha mkono nizime. Kanishika mkono. Kaniambia, 'Acha, mama, ni kaka yangu, hebu nimsikie.' Akakaa akakusikiliza mpaka mwisho, wewe na mguu wako."

Alimwita mama. Umesikia? Mimi nina mnyororo mlangoni na huyu ndiye anayeitwa mama.

"Mie Unguja niliondoka na nguo ya mwilini," akasema. "Mamangu alikufa nyuma yangu, sikumkosha, sikumzika, kaburi lake silijui. Bahari iko kati. Weye, bibi, kati yako na mwanao pana nini? Treni mbili."

Sikuwa na jibu. Esperansa, Lusio! Wala mnyororo sikuutoa. Bakuli halikuweza kupita kwenye upenyo, akaliweka chini kizingitini, akapenyeza kikaratasi cha anwani, akaenda zake na magoti yake mabovu. Yalikuwa maandazi. Yalikuwa mazuri kuliko yangu, na kuliandika hilo kunaniuma kuliko yote niliyokwisha kuyaandika. Uliyala wewe, ukaniuliza kama nimebadili iliki.

Nikakaa na kikaratasi kile wiki tatu. Jumapili iliyopita nikajikaza nikakwambia, "Lusio, twende Ilford kwa Rozi kabla hujasafiri." Ukaweka kijiko chini. Ukanyoosha vidole. "Mama, kwanza, kwenda ni kuonyesha kwamba tumekubali. Pili, nimesema hadharani, na watu wananisikiliza. Tatu, mimi sikumkataa dada, nimekataa kitendo." Ulinihesabia kama mimi ni msikilizaji wa Bukoba! Nikakwambia, usinihesabie mimi, mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu. Tukapandisha sauti, jirani akagonga ukuta. Ndipo ukainuka, ukafungua droo, ukatoa utepe, ukauweka kwenye mashine yangu mwenyewe.

"Mama yako mwenyewe hakuweka mguu, na hataweka!"

Hukuuweka kwa ubaya, nakujua. Uliuweka kama ushahidi. Ukasimama pale umekunja mikono, unangoja nikubali kwamba nimejipinga. Ningeweza kuvumilia kila kitu ila sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeridhika mno. Nikaondoka mezani, na wiki hii nzima tumekuwa tukisemeshana habari za masanduku tu.

Basi nisikilize, baba. Umesema umekataa kitendo. Kitendo hakisimami mlangoni na taulo. Kitendo hakina meno mawili. Wewe unajua Kanisa linasema nini kuliko mimi, sitashindana nawe, utanishinda kabla sijakaa. Sikwambii uache kulitetea. Ninachosema ni kidogo: katika jibu lako la Mwanza ulinitia mimi ndani, na mimi najitoa. Watakuuliza swali lile tena huko uendako, maana huko Mkristo na Mwislamu wanachota maji kisima kimoja na vijana wana macho. Jibu utakavyoona, lakini usinitaje. Mimi si ushahidi wako tena. Utepe ule nimejaribu mchana kunasa maneno mengine juu yake, nikabonyeza, nikakaa, maneno hayakuja. Ukiusikiliza utasikia nakohoa, halafu mwenye gari la aiskrimu anapita nje.

Kuna siku nimewaza kwamba umeupata ukali huu vitabuni. Sivyo. Umeupata mezani kwangu, ukapewa pamoja na samaki. Lakini nawe una chako cha kukumbuka. Mtu wa kwanza uliyemtetea duniani hakuwa Baba Mtakatifu. Alikuwa Rozi. Ulikosa shule, ulivaa koti lisilo lako, ulimwambia afisa wa masharubu mekundu kwamba hakuna anayesimama mara tisa kwa mtoto wa mtu mwingine. Tulipigana na serikali nzima ili binti yule afike mlangoni kwetu, mimi na wewe. Akafika. Mlango tukamfungia sisi wenyewe. Hili silijui nilifanyeje. Nimeligeuza huku na huku, halina upande ambao natoka nimeshinda.

Sasa sikiliza la kesho. Ndege yako ni saa kumi na mbili jioni. Nimewatangazia wanawake wote wa jikoni, unanijua, na Kusumben amekwisha kupanga wasimame kwenye lile dirisha la nyuma wakupungie vitambaa. Watapunga. Mimi sitakuwapo. Mama ambaye angetembea uwanjani na bendera kama wangemruhusu hatakuwapo uwanjani. Nitasali misa ya kwanza, halafu nakwenda Ilford. Utakapoamka utanikosa, chai iko kwenye chupa.

Utasema ni mtego. Ni mtego kidogo, sikatai, mimi ni mamako. Lakini hata ungekuwa huna safari ningekwenda, na usipokuja nitakuwa huko huko. Nimewaza kila kitu. Huenda Rozi akafungua na mnyororo. Huenda asifungue kabisa. Huenda Salim akatoka akaniambia kwa adabu nirudi nilikotoka, na atakuwa na haki. Nitakaa kwenye ngazi yao ya nje. Sitagonga mara ya pili wala sitasema kwa sauti ifike dirishani. Nimejaribu kuandaa maneno ya kumwambia, nimeandika nyuma ya karatasi hii, nimefuta, nimeandika, nimefuta, utayaona madoa. Kila sentensi yangu inaanza vizuri halafu inaanza kujieleza. Nitakaa tu.

Nataka kukuona kabla hujaondoka. Naandika hivyo kwa herufi za masista, usome vizuri. Nataka kukuona, sijui nitakuona tena lini, na sina hakika kama magoti yangu yatanileta huko kwenu. Lakini nikija uwanjani kesho nitakuaga kwa furaha, nitalia vizuri, nitajisifu kwa kila mtu, nitarudi nyumbani, na Rozi atabaki pale pale tulipomwacha. Nitakuwa nimekwenda tena kwa mtoto anayenitaja redioni, na kumwacha yule aliyeninyamazia.

Ukija, njoo mapema, tuwe na saa mbili tatu. Mabegi yako yalete huko huko, kutoka Ilford utapanda treni mbili kurudi upande huu, uwanja hautakimbia. Usije na kitabu. Wala usianze wewe kusema. Akitaka kukutukana, mwache amalize, hata ikichukua mchana wote. Akikupa mtoto, mpokee kwa mikono miwili, shikilia shingo.

Kikaratasi cha Bi Mwanakhamis nimekinakili nyuma ya bahasha, namba ya nyumba na mtaa, maana chenyewe naondoka nacho. Ukitoka stesheni, shika mkono wa kushoto, pita maduka, uliza watu, Ilford imejaa watu wetu. Kengele yao mbovu, ameandika. Gonga dirisha la chini, polepole, mtoto hulala mchana.

Mamako,
Esperansa